Mitishamba ya Wasio na Shamba

Riwaya mpya ikitoka Nairobi tunaibishania wiki mbili mtandaoni, kisha tunahamia ingine. Kitabu cha majina ya mimea hakuna anayekibishania. Kinawekwa kwa rafu ya marejeo, mtu mwenye haja anakifungua ukurasa mmoja, anakirudisha. Tunakichukulia kama mizani ya mama mboga: ipo, inapima, haina maoni.

Lakini kitabu ambacho mtu mmoja amekitoa mara tatu ndani ya miaka 33 kina maoni, na kinastahili kusomwa vile tunasoma kazi ingine yoyote. Profesa John Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa Medicinal Plants of East Africa mwaka 1976. Akarudi nacho 1993, akarudi tena 2009. Hata kabla ya hapo, mwaka 1972, alikuwa ametoa kamusi ya majina ya mimea kutoka Dholuo hadi Kiingereza, na mwaka 1998, akiwa na Timothy Johns, akatoa Luo Biological Dictionary. Katikati ya hayo yote alikuwa mmoja wa waandishi wa Flora of Tropical East Africa, ule mradi mrefu ulioanza kuchapishwa mwaka 1952 ukamalizika 2012 baada ya kueleza zaidi ya spishi 12,000. Sehemu ya familia ya ndimu na machungwa ni yake, ya 1982. Ya mwembe na mkorosho pia ni yake, ya 1986.

Hayo ni maisha ya mtu, si kazi ya likizo. Kwa hivyo maswali yangu ni yale ya kawaida ya uhakiki: nani anaongea humu ndani, anaongea na nani, na nani ameachwa nje. Nayauliza nikiwa Eastlands, kati ya Kaloleni, Jericho, Umoja na Dandora, kwa sababu hapa ndipo kitabu kinakutana na swali ambalo hakikuandikwa kulijibu.

Anza na mpangilio. Kamusi ya 1972 inaanzia kwa jina la Dholuo. Ukijua vile nyanya yako anaita mmea, umeshaingia. Sayansi iko upande wa pili, inakungoja. Kitabu cha 1976 kinageuza mwelekeo. Jina la Kilatini linatangulia, majina ya watu yanafuata, kila moja likiwa na lugha yake kando. Wewe uliye na jina la nyumbani tu, unapitia faharasa, yaani mlango wa nyuma.

Ni rahisi kukasirikia hapo, lakini ngoja kwanza. Kamusi ilikuwa na watu wa lugha moja mbele yake. Kitabu cha dawa kina Afrika Mashariki nzima. Ukiwaweka Wakamba, Wamaasai, Wasukuma na Waswahili kwa meza moja, mmea utaitwa nani? Kilatini kinafanya kazi ile Kiswahili hufanya kwa ploti yenye makabila sita: si cha mama ya mtu yeyote, kwa hivyo hakuna anayelalamika. Na kuweka lugha kando ya kila jina si urasimu. Majina mawili yanayofanana kwa sikio, moja la Kimeru na lingine la Kipokot, yanaweza kuwa ya mimea miwili tofauti, na mmoja kati ya hiyo unaweza kukuua.

Pia kumbuka mwaka. Kenya ya 1976 ilikuwa bado na sheria ya uchawi iliyoachwa na wakoloni tangu 1925, na chini ya kivuli chake mganga wa mitishamba alikuwa anatazamwa kwa jicho lile lile la mchawi. Azimio la Alma-Ata, ambalo lilitambua kwamba waganga wa jadi wana nafasi katika afya ya msingi, lilikuja 1978. Kokwaro alikuwa ametangulia kwa miaka miwili. Profesa kuchukua maneno ya wazee na kuyaweka kwa kurasa zile zile ambako Kilatini kinakaa, ilikuwa hoja hata kabla hujasoma sentensi moja.

Sasa sentensi zenyewe. Nyingi ni za mtindo mmoja: mzizi huchemshwa, majani hutwangwa, maji hunywewa kwa tumbo au kwa homa. Kitenzi kinachobeba kitabu ni “hutumika”. Hapa ndipo msomaji wa mtaani lazima apunguze mwendo, maana tumezoea kitenzi kingine. Ile meseji ya WhatsApp inayozunguka kwa grupu ya familia haisemi “hutumika”. Inasema “hutibu”, halafu inaongeza presha, sukari na kansa kwa pumzi moja. Kokwaro hakusema hivyo. Anaripoti kwamba watu fulani hutumia kitu fulani kwa ugonjwa fulani, anaishia hapo. Hiyo ni adabu ya mwandishi anayejua mpaka wa anachojua, na ndiyo sifa kubwa ya kitabu hiki. Ukikisoma kama karatasi ya daktari, kosa si lake.

Lakini mtindo huo una bei. Mzizi huchemshwa na nani? Dakika ngapi? Sayansi yenyewe inajua kwamba jinsi ya kutayarisha si jambo dogo. Mchina Tu Youyou alipokuwa anatafuta dawa ya malaria kwenye mmea wa Artemisia annua, kilichomfungulia njia ni maandishi ya kale ya Ge Hong, yaliyosema mmea uloweke majini na ukamuliwe. Akashuku kwamba moto ndio unaharibu dawa, akabadilisha njia, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Mtu wa kale alitaja kitu kidogo alichofanya kwa mkono wake, na kitu hicho kidogo ndicho kilichookoa watu karne nyingi baadaye. Katika sentensi za “huchemshwa” mkono huo mara nyingi hauonekani. Anayeongea ni kabila zima kwa sauti moja. Linganisha na sampuli kavu kwenye hebaria ya Afrika Mashariki, pale kando ya Makumbusho ya Taifa, ambako karibu sampuli milioni moja zimehifadhiwa: jina la aliyekusanya linabaki pale miaka mia, na nambari yake. Aliyemwonyesha njia na kumtajia jina la mmea, mara nyingi hayuko.

Na hapo ndipo Eastlands inaingia.

Mitaa hii ilijengwa kwa watu ambao serikali ya kikoloni iliwahesabu kama wapita njia. Mwafrika alikuja mjini kufanya kazi ya reli au ya manispaa, na “kwao” kulikuwa kwingine. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa kati ya mitaa ya kwanza kukubali kwamba mfanyakazi ana bibi na watoto, ikapangwa kwa mtindo wa mji wa bustani, na nyasi katikati ya nyumba. Hata hivyo wazo la “kwao” halikufa. Bado tunaulizwa kwetu ni wapi, na jibu la “Umoja 2” halikubaliki.

Safu ya majina katika kitabu cha Kokwaro inarithi wazo hilo bila kukusudia. Kila jina lina nyumbani kwake: hili la Kikuyu, hili la Kisii, hili la Kinandi. Hakuna jina linaloishi mjini. Hata neno letu la kawaida linatufungia nje. Dholuo ina neno yath, ambalo ni mti na pia ni dawa. Halikuulizi una ardhi. Kiswahili kimeamua kusema mitishamba. Sasa mimi ambaye shamba langu ni ndoo tatu za rangi kwa balkoni ghorofa ya nne, nitafute dawa wapi?

Angalia kile kinatendeka kwa majina yakishafika huku. Kuna mboga ambayo Wakisii huita chinsaga, Waluhya tsisaga, Wakalenjin isakiat au saget, Wajaluo dek, na Waswahili wa pwani mgagani. Mtaalamu ataandika yote, na yote ni sawa. Lakini nenda soko lolote kutoka Muthurwa hadi Kayole, utasikia “saga”. Mji umekata kiambishi, ukabakisha kiini, na sasa Mkikuyu anaitisha saga na Mkamba anamfungia. Ni lugha gani hiyo? Haiko kwa orodha ya vifupisho. Kinyume chake, mnavu wa Kiswahili, osuga ya Dholuo na rinagu ya Kisii zote zimekubali kuitwa managu hapa, jina la Kikuyu, na hakuna aliyepiga kura. Terere nayo imeshinda mchicha kwa vibanda vingi, ijapokuwa mchicha ndilo neno la shule.

Halafu kuna sukuma wiki. Babu zake walitoka Ulaya, haina jina la jadi, lakini imepewa jina zuri kuliko mboga yoyote nchini. Majina ya vijijini mara nyingi huongea juu ya ladha, umbo au ugonjwa. Jina hili linaongea juu ya mshahara. Ni mboga ya mtu anayehesabu siku kutoka Jumatatu hadi siku ya kulipwa, na jina lake linaeleza uhusiano wa watu na mmea kuliko ukurasa mzima wa maelezo. Mwarobaini ni hadithi ya namna hiyo: mti uliotoka Asia, ukapata jina la Kiswahili lenye dai ndani yake, kwamba unatibu magonjwa 40. Kwa hivyo mimea imekuwa ikihama na kubatizwa upya tangu zamani. Sayansi yenyewe inajiruhusu kubadilisha majina. Mwaka 2005 huko Vienna, na tena 2011 huko Melbourne, wataalamu wa dunia waliamua kwamba jina Acacia libaki na miti ya Australia, na migunga yetu ikaenda kuitwa Vachellia na Senegalia. Kama Kilatini kinaweza kuhama nyumba, kwa nini jina la Kisii ligandishwe Kisii?

Kusema haki, Kokwaro mwenyewe alitengeneza chombo ambacho kingeweza kujibu. Mwaka 1990 yeye, Johns na Kimanani walichapisha kwenye jarida la Economic Botany utafiti kuhusu dawa za Waluo wa wilaya ya Siaya. Hawakutosheka na kuandika nani alisema nini. Walitafuta njia ya hesabu ya kupima ni wapi watu wanakubaliana, kwa wazo kwamba dawa inayotajwa na wengi, kwa ugonjwa ule ule, ina uzito zaidi ya ile ya mtu mmoja. Kwangu hii ndiyo hatua ya kuvutia zaidi katika kazi yake yote, kwa sababu “Waluo husema” inavunjika na kuwa watu wanaoweza kukubaliana au kukataana. Sasa jaribu kuwaza hesabu hiyo ikifanywa Jericho, ambapo waliokubaliana kuhusu mmea mmoja ni Mjaluo, Mluhya na Mkikuyu walioufahamu kwa majina matatu kabla hawajaishi ukuta kwa ukuta. Makubaliano ya Siaya yanaweza kuwa ya urithi. Ya Jericho yangekuwa ya watu waliolinganisha.

Waliokuja baadaye walipanua uwanja, lakini kwa upande wa chakula. Mwaka 1999 Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye, yule Mganda aliyeongoza hebaria ya Nairobi kwa miaka mingi, walitoa Traditional Food Plants of Kenya kupitia Makumbusho ya Taifa. Maundu na wenzake ndio walitufanya tujue kwamba Kenya ina takriban spishi 800 zinazoliwa, na kati ya hizo karibu 200 ni mboga za majani. Mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha juhudi za Kenya za kulinda vyakula vya asili kama mfano mzuri wa kuigwa. Kazi hiyo ilianza na jamii mbili, Waisukha wa magharibi na Wapokot wa Pokot Mashariki. Ni kazi njema na managu tunayokula leo bila aibu inaidai shukrani. Lakini ukiangalia Nairobi inakaa wapi katika simulizi hii, utaipata kama soko. Kijiji kinajua, mji unanunua.

Hapo nakataa. Mji unajua, na unajua kitu ambacho kijiji hakikuhitaji kujua.

Fikiria ni mimea gani hutufuata. Terere, managu, mbarika, Datura: yote inapenda udongo uliochokorwa, wenye mbolea, wenye jua. Kandokando ya reli, nyuma ya mjengo ulioachwa nusu, ukingo wa mto Nairobi, pembeni ya taka. Hakuna aliyeipanda. Tukichimba inakuja, tukitupa inanenepa. Kama unatafuta uhusiano wa watu na mimea, huu hapa, hauhitaji safari ya msitu wa Kakamega. Mbili za kwanza ni mboga. Mbegu za mbarika zina sumu kali, na Datura inaweza kumfanya mtu aone vitu visivyokuwepo na hata kumuua. Zote zinaota hatua chache kutoka kwa nyingine, na mtoto wa mtaa lazima atofautishe.

Lakini hata ukitofautisha, hujamaliza. Terere halisi, isiyo na shaka, iliyochumwa mahali pabaya, ni shida. Dampo la Dandora limekuwa pale tangu miaka ya 1970. Mwaka 2007 shirika la UNEP lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu nalo, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi damuni kwa kiwango cha kutisha. Upande wa Maili Saba, watu wamelima kwa maji taka kwa miaka mingi, kwa sababu maji hayo hayakauki na yana mbolea ya bure. Watafiti wamepima mboga za namna hiyo Nairobi zaidi ya mara moja na kupata risasi na kadmiamu. Risasi si kama kijidudu cha tumbo. Huwezi kuiosha ikatoka ndani ya jani, na jiko haliichomi.

Kwa hivyo swali la kijijini ni “huu ni mmea gani?” Swali la Eastlands ni “umetoka wapi?” Na swali hilo linaulizwa kila jioni, kwa kila kibanda.

“Mathe, hii managu ni ya wapi?”

“Ya Kisii, kastoma wangu. Imeshuka asubuhi.”

“Si ya maji taka?”

“Angalia majani. Ya maji taka huwa nene hivi, na nyeusi. Hii ni ya mvua.”

Pengine mathe anasema ukweli, pengine anauza. Unene wa jani haupimi risasi, na mboga inaweza kupendeza macho ikiwa na sumu. Lakini tazama kinachoendelea kati ya hawa wawili: kuna dai, kuna ushahidi, kuna shaka, na kuna mnunuzi ambaye atarudi kesho kulalamika. Hiyo ni elimu ya mimea inayotengenezwa mbele yako, na hakuna kitabu kati ya hivi chenye safu yake. Kuna safu ya jina, ya lugha, ya sehemu inayotumika, ya ugonjwa. Hakuna safu ya mahali ulipochumwa, kwa maana ya bomba gani linapita chini yake. Katika ulimwengu wa vitabu hivi mmea ukishajulikana jina, umejulikana. Eastlands inasema jina ni nusu tu.

Upungufu huu hausahihishwi kwa kuongeza orodha ya maneno ya Sheng mwishoni mwa toleo jipya, ingawa ningeinunua. Ni suala la nani anahesabiwa kuwa mjuzi. Bora tuendelee kuamini kwamba maarifa ya mimea yako “kwao” na yanakufa na wazee, tutabaki kuomboleza huku tukinunua terere tusiyojua imenyweshwa nini. Tukikubali kwamba muuza mboga wa Kariobangi ni mjuzi, basi anastahili kile Kokwaro aliwapa wazee mwaka 1976, maneno yake yaandikwe kwa uzito, na pia kile ambacho wazee hawakupewa, yaani maneno yake yapimwe na majibu arudishiwe. Mtu aende na kifaa cha kupima risasi, si daftari peke yake.

Hukumu yangu basi. Kisome Kokwaro. Anza na kamusi ya 1972 kama unajua Dholuo hata kidogo, kwa sababu hapo unaingia kwa mlango wa mbele; halafu nenda kwa Medicinal Plants, toleo lolote utakalopata, ukikumbuka kila mara kwamba “hutumika” si “hutibu”. Maktaba ya McMillan ina matawi mawili upande huu, Kaloleni na Makadara, na hapo ndipo vitabu kama hivi vinafaa kuwa na nakala zilizochakaa kwa kuguswa. Ni kazi ya mtu aliyeketi na lugha za watu wake miaka mingi bila kuzidanganya na bila kuzipamba.

Alituachia namna ya kuandika mmea: jina, lugha, matumizi. Safu inayokosekana hawezi kuijaza mtu wa hebaria peke yake, kwa sababu sampuli ikishakauka haisemi ilikunywa maji gani. Anayejua anafunga kibanda saa tatu usiku, pale stage.